Picha Mbili za Kaviro

Siku ya kumi na moja tangu Kagure afariki, mwili wake ulikuwa bado mochari mjini Embu, na kaburi halijachimbwa, kwa sababu mzee Runji alikuwa amekataa.

Kagure alikufa akiwa na miaka themanini na minane, nyumbani kwa bintiye Gladys huko Kianjokoma, kwenye miinuko ya majani chai ambako alikuwa ameishi zaidi ya nusu karne. Hakutaka kuzikwa huko. Aliacha neno moja tu, na akalirudia mbele ya mchungaji ili lisije likageuzwa: azikwe Kaviro, chini kule Ishiara, kando ya mumewe Mbae. Na Kaviro, ule mgongo wa ardhi unaoteremka hadi mtoni, ulikuwa shamba la Runji. Hati ilikuwa na jina lake. Juu yake mwanawe Muchangi alikuwa amepanda muguka, ule mmea wa kutafunwa kama miraa, mistari mirefu ya kijani ambayo sasa ilikuwa inaingia mwaka wa nne.

Runji alisema pale hapana kaburi. Hapajawahi kuwa na boma la mtu. Palikuwa kichaka kitupu, na marehemu baba yake, Kathuri, ndiye aliyekifyeka. Gladys alisema yeye mwenyewe alizaliwa pale, na kwamba walihama mwaka wa njaa akiwa na miaka minane, mama yao akiwa mjane tayari. Lakini kumbukumbu ya mtoto wa miaka minane si kitu mbele ya hati yenye muhuri, na wazee waliokuwa watu wazima wakati ule walikuwa wameisha.

Naibu wa chifu, bwana mmoja mtaratibu aitwaye Salesio, aliziita pande zote mbili ofisini kwake siku ya Alhamisi saa nne asubuhi. Siku hiyo angeamua: ama Kagure aletwe Kaviro, ama azikwe Kianjokoma na maneno yaishe.

Lydiah alipigiwa simu Jumapili akitoka kanisani. Yeye ndiye kifungua mimba wa Runji, na alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya wasichana huko Kaaga, mjini Meru. Aliyepiga ni Muchangi, ndugu yake.

"Dada, nimepata dawa ya haya maneno," Muchangi alisema. "Nimeenda Nairobi, nimepata picha ya Kaviro iliyopigwa na ndege mwaka wa sitini na saba. Nimeiangalia mpaka macho yakauma. Hakuna nyumba. Ni vidoti vya vichaka tu."

"Sasa mimi ninatakiwa kufanya nini?"

"Uje ueleze. Wewe unafundisha mambo ya picha. Ukisimama mbele ya chifu ukasema hapa hakuna boma, nani atabisha?"

Kisha baba yake akaichukua simu. Runji hakuwa mtu wa kuongea sana kwenye simu. Aliishika kama kitu cha moto.

"Njoo, mwanangu. Mimi nikisema, wanasema ni mzee ameng'ang'ania shamba. Wewe ukisema, ni masomo yanasema."

Lydiah alikubali, tena kwa moyo. Hakuwa na sababu ya kusita. Tangu utoto wake alikuwa amesikia kwamba Kaviro ilikuwa kichaka, jinsi mtu anavyosikia kwamba jua hutokea upande wa Tharaka. Aliwaonea huruma yule marehemu na bintiye, lakini aliona wamechanganya mgongo mmoja na mwingine. Migongo kule Ishiara inafanana.

Jumatatu, baada ya vipindi vya mchana, alifungua faili ambayo Muchangi alikuwa amemtumia. Ndani hamkuwa na picha moja. Zilikuwa tatu, zimefuatana, kwa sababu ndege ya upimaji hupiga picha ikiendelea kwenda, na kila picha hurudia sehemu ya ile iliyotangulia. Kaviro ilionekana katika mbili kati ya hizo tatu. Lydiah akafurahi. Picha moja ni bapa. Mtu anaweza kuibishia. Lakini mbili zilizopigwa kutoka pembe mbili, ukiziweka chini ya stereoskopu, ardhi huinuka, na kichaka huonekana wazi kuwa ni kichaka. Aliwaza kwamba angeifanya kesi ya baba yake isiwe na mahali pa kushikwa.

Akazichapisha mjini kwa ukubwa, akakata vile vipande vya Kaviro, akarudi chumba cha walimu. Stereoskopu ya shule ilikuwa kitu kidogo: fremu ya chuma yenye miguu minne mifupi, na lenzi mbili juu yake kama miwani iliyosimamishwa mezani. Wanafunzi wa kidato cha tatu waliigombania kila muhula. Akaiweka juu ya picha mbili zilizolala sambamba, akainama.

Kwanza aliona mito miwili na migongo miwili, imepishana. Akasogeza picha ya kulia kidogo, halafu kidogo tena. Picha zikaogelea, zikakaribiana, zikashikana. Mto ukadidimia chini ukawa bonde. Mgongo wa Kaviro ukainuka kuelekea macho yake kana kwamba mtu ameusukuma kwa mkono kutoka chini ya meza. Ilikuwa nchi ya kwao miaka mingi kabla hajazaliwa, na alikuwa anaitazama akiwa juu kama mwewe.

Akatafuta vile vidoti.

Vingi vilikuwa vichaka kweli. Vilikuwa vifupi, vimetawanyika, vingine vimelala upande. Lakini kwenye bega la mgongo, pale ambapo ardhi inatulia kabla ya kuteremka, palikuwa na vidoti saba ambavyo havikukaa kama vingine. Vinne vilikuwa vikubwa, vyenye ncha juu na miteremko iliyo sawa pande zote. Vitatu vilikuwa vidogo, na hivi vidogo havikugusa ardhi. Vilikuwa vimeinuliwa, kivuli kimepita chini yake. Kuzunguka vyote saba palikuwa na mstari mwembamba wa ua, na kutoka kwenye ua njia nyembamba nyeupe iliteremka mpaka mtoni.

Kichaka hakiinuliwi kwa miguu. Ghala la mtama ndilo huinuliwa, ili panya na mchwa wasilifikie.

Lydiah aliinua kichwa. Akaangalia picha moja kwa macho matupu: vidoti. Akarudi kwenye lenzi: nyumba nne, maghala matatu. Alifanya hivyo mara tano au sita. Halafu akamwita Winrose, mwalimu wa hesabu aliyekuwa akisahihisha madaftari kwenye meza ya pili.

"Hebu angalia hapa uniambie unaona nini. Sikuambii kitu."

Winrose akainama, akarekebisha kichwa. "Eh, zimekuja. Naona vinyumba. Vile vya nyasi, vya duara. Na ua." Akainuka akitabasamu. "Ni wapi huko, kwenu?"

"Ni kwetu," Lydiah alisema.

Jumatano alasiri aliendesha gari lake dogo kutoka Meru, akapita Chuka, akavuka mto Thuci, akakata kushoto kuelekea Ishiara. Joto lilimpokea njiani kama kawaida. Alimkuta baba yake kwenye zizi la mbuzi, na Muchangi amekaa juu ya pikipiki yake iliyozimwa. Hakutaka kungoja chai. Aliwaambia pale pale, wamesimama, maneno machache: ameziangalia picha mbili pamoja, na pale Kaviro palikuwa na boma.

Muchangi ndiye aliyejibu. "Nani alikuambia uangalie mbili?"

"Zilikuwa kwenye faili."

"Mimi nilikuambia picha. Sikukuambia picha mbili. Kesho unaleta moja. Hiyo moja inatosha, na hiyo moja haina uongo. Si ni picha ya ukweli?"

"Ni ya ukweli. Lakini haisemi kile unataka niseme."

"Basi usiseme. Iweke tu mezani, watu waangalie."

Lydiah alimgeukia baba yake. Runji alikuwa amemshika mbuzi mmoja pembe na alionekana anachunguza kwato zake.

"Baba, ulijua?"

Mzee hakuinua uso. "Watu siku hizo walikuwa wanahama-hama," alisema. "Leo wako hapa, kesho wako kule."

"Sijauliza watu. Nimeuliza boma."

Runji akamwachilia mbuzi. Alimwangalia binti yake sasa, na Lydiah akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona usoni mwake, hata siku ile mama yao alipozikwa: alikuwa anaogopa.

"Utaleta picha moja," alisema polepole. "Ukileta mbili, usiseme umetoka kwangu."

Alhamisi ofisi ya naibu wa chifu ilijaa mapema. Ni chumba kimoja cha matofali chenye paa la mabati, meza, viti vitatu na mabenchi. Waliokosa nafasi walisimama madirishani. Gladys alikuja na wanawake wawili wa kanisa lake, kitambaa cheusi kichwani, viatu vimejaa vumbi jekundu la njiani. Alipompita Lydiah alisimama.

"Habari yako, mwalimu."

"Nzuri, mama. Pole sana kwa msiba."

"Asante," Gladys alisema, na akaenda kukaa. Hakukuwa na chuki katika sauti yake, na hilo lilimchoma Lydiah kuliko kama angetukanwa.

Ile bahasha yenye picha ya pili, pamoja na stereoskopu, vilikuwa kwenye buti ya gari. Alikuwa amevileta, na alikuwa ameviacha huko. Hakuwa amejiambia atafanya nini.

Salesio akaomba sala, kisha akatoa onyo. "Habari ya hati ni ya korti, si yangu. Mimi hapa ninaulizwa jambo moja: je, mume wa huyu mama alizikwa Kaviro au hakuzikwa? Kama hapakuwa na boma, hapakuwa na kaburi. Tuanzie hapo."

Muchangi alitandaza picha yake mezani. Watu waliinuka, wakainama, wakaelekezwa mto uko wapi na mgongo uko wapi. Wakanung'unika. Kweli ni vichaka. Mzee mmoja alisema hata yeye akiangalia vizuri anaona msitu tu. Gladys aliitazama picha kwa muda, akaigeuza huku na huku, na mabega yake yakashuka. Alirudi kuketi.

"Ndugu yako anasema wewe ni mtaalamu wa hivi vitu," Salesio alimwambia Lydiah. "Tuelezee, mwalimu. Hapa pana boma au hapana?"

Lydiah akasimama. Baba yake alikuwa kwenye benchi la mbele, mikono yote miwili juu ya mkongojo, macho kwenye sakafu. Alijua angeweza kusema sentensi moja tu, kwamba katika picha hii haoni boma, na isingekuwa uongo.

"Kwa picha hii peke yake," alisema, "mtu hawezi kujua. Mimi mwenyewe siwezi. Kuna ya pili. Iko kwenye gari."

"Dada, keti," Muchangi alisema.

"Iko kwenye gari," Lydiah akarudia, na akatoka. Watu walimpisha mlangoni. Alirudi na bahasha na stereoskopu.

Alivipanga vitu mezani, akaeleza kwa maneno ambayo huwaambia wanafunzi. "Nyoosha kidole mbele ya uso. Funga jicho la kushoto, halafu fungua, funga la kulia. Unaona kidole kimeruka? Kila jicho linaona kwa upande wake. Kichwa ndicho kinaunganisha, na ndipo tunajua kitu kiko mbali au karibu, kimeinuka au kimelala. Ndege ilifanya hivyo hivyo. Picha hii ni jicho la kushoto, hii ni jicho la kulia."

Watu walijaribu vidole vyao, hata wale wa madirishani. Salesio akawa wa kwanza kuinama. Alikaa hapo muda mrefu, akahema, akainuka akifuta uso.

"Mimi naona karatasi mbili," alisema. "Jicho hili la kushoto lilichomwa na mwiba nikichunga ng'ombe. Halioni vizuri tangu hapo."

"Basi kwako haitakuja, chifu. Inahitaji macho yote mawili."

Muchangi akainama kwa haraka, akainuka kwa haraka. "Ni vichaka vile vile."

Gladys alipoinama, Lydiah alimshikia kitambaa kisiziangukie lenzi. Mama huyo alitulia. "Bado ni mbili," alisema. Kisha, "Ngoja." Aliposema tena sauti yake ilikuwa ndogo. "Lile ghala la mwisho ni la mama. Lilikuwa limeinama hivi. Baba alikuwa anasema atalinyoosha."

"Na ungetaka aseme nini?" Muchangi aliwageukia watu. "Amekuja kutafuta boma, ameliona. Mimi nimeangalia, sijaona. Sasa ni neno lake na neno langu, kama tulivyoanza."

Ilikuwa kweli, na Salesio aliliona hilo. Alikaa, akagonga kalamu mezani. "Hiki chombo ni shida," alisema. "Kila mtu anaona peke yake. Mimi siwezi kuingia kwenye jicho la mtu nikahakikisha." Akafikiri. Halafu akageuka. "Mzee Runji, wewe mwaka huo ulikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Wewe hutahitaji kuambiwa unachoangalia ni nini. Njoo uangalie."

"Macho yangu yamezeeka," Runji alisema.

"Juzi ulinisomea tarehe ya chanjo ya mbuzi bila miwani."

Watu wengine walicheka kidogo, wakaacha. Runji alikaa. Ilipoonekana kwamba hakuna atakayesema lingine, alijiinua kwa mkongojo, akaenda mezani. Lydiah akamsogezea kiti. Hawakuangaliana. Mzee aliinama juu ya lenzi, na Lydiah, kama anavyowafanyia wanafunzi wote, akasogeza picha ya kulia polepole mpaka akaona mabega yake yametulia.

Muda ukapita. Runji hakusogea. Halafu mkono wake wa kulia ukaacha mkongojo. Lydiah aliuona ukinyanyuka, ukapita kando ya miguu ya stereoskopu, ukaingia chini ya lenzi, kidole cha shahada kimenyooka. Kidole kilishuka taratibu kuelekea karatasi, na kikasimama kabla ya kuifikia. Kilisimama hewani, palipobaki upana wa vidole viwili hivi, na kikaanza kuzunguka kitu kidogo ambacho hakikuwepo, kwa uangalifu, jinsi mtu anavyopapasa paa asilibomoe.

Kila mtu aliyekuwa karibu alikiona. Wale wa nyuma walisimama juu ya mabenchi ili wakione.

"Sioni kitu," Runji alisema. "Ni karatasi."

Kidole chake kilikuwa bado hewani.

Hakuna aliyecheka. Gladys alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Hakupaza sauti. "Sasa mzee," alisema, "unagusa nini?"

Runji akaondoa uso kwenye lenzi, akaangalia mkono wake. Uso wake ulionyesha kwamba hakujua mkono umekwenda pale. Akaurudisha taratibu, akauweka juu ya paja, na akakaa hivyo. Muchangi alisema, "Baba, twende," na mzee hakumsikia au hakutaka kumsikia.

"Mlango ulikuwa unaangalia mto," Runji alisema hatimaye. Alikuwa anaongea na meza. "Nyumba ya Mbae. Mlango ulikuwa huko kwa sababu ya upepo. Nilikula pale kuliko nilivyokula kwetu."

Salesio akaweka kalamu chini.

"Aliugua kifua. Alikufa wakati wa kuvuna mtama. Mimi ni mmoja wa waliochimba. Tulikuwa wanne, nimebaki mimi. Njaa ilipokuja, Kagure alichukua watoto akaenda kuchuma kahawa huko juu. Alimwachia baba yangu boma, akasema mvua ikirudi atarudi. Hakurudi upesi. Ghala lile tulilibomoa, mbao tukajengea zizi. Halafu watu wa kupima mashamba wakaja. Baba akaniambia, ukiulizwa, sema palikuwa kichaka. Niliulizwa mara moja tu, mbele ya kamati. Nikasema."

"Mara moja," Salesio alisema.

"Kusema ile ya kwanza ndiko kulikuwa kugumu. Nyingine zilikuja zenyewe."

Muchangi aliinuka kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka nyuma yake, akapita katikati ya watu, na pikipiki ikasikika ikiondoka. Gladys alikuwa amekaa chini akilia bila sauti, na wale wanawake wa kanisa wamemshika mabega. Lydiah alibaki amesimama, mkono wake juu ya picha, hajui auweke wapi.

"Kaburi liko wapi?" Salesio aliuliza.

"Nitaonyesha," Runji akasema.

Walipanda Kaviro saa nane mchana, watu kama ishirini, mchungaji wa Kagure akiwa mmoja wao, na majembe matatu. Muchangi alikuwa ameshafika. Alisimama mwanzo wa mistari ya muguka, panga mkononi limening'inia kando ya mguu. Hakulinyanyua, lakini watu walisimama.

"Hii ni miaka yangu minne," alisema. "Nimebeba maji kutoka mtoni kwa punda, mche kwa mche. Wakati huo huyu mwalimu alikuwa Meru anafundisha watoto wa watu. Anayetaka kuchimba hapa aanze na mimi."

"Muchangi," Lydiah alisema.

"Wewe usiniite."

Salesio akaanza kusema jambo kuhusu sheria, lakini Runji alikuwa ameshatembea. Alimpita mwanawe kwa karibu sana, mkongojo ukigusa panga, akaingia kati ya mistari. Alisimama kwenye jiwe kubwa lililochomoza, akageuza mgongo kwenye mto, akahesabu hatua kwa midomo bila sauti. Alisimama tena. Akarudi hatua mbili. Kisha akashika mche wa muguka uliokuwa mbele yake kwa mikono yote miwili na kuuvuta. Alikuwa mzee wa miaka sabini na mitatu, na mche haukung'oka. Alivuta tena, miguu ikiteleza kwenye udongo.

Watu walimwangalia. Hakuna aliyethubutu kwenda kumsaidia, kwa sababu Muchangi alikuwa katikati.

Ni Muchangi mwenyewe aliyetembea mpaka hapo. Lydiah alimwona ndugu yake ameinama, panga likapanda na kushuka mara moja, mche ukalala. Akakata wa pili, wa tatu, wa nne, kwa hasira, bila kumwangalia mtu, mpaka pakawa na uwazi wa kutosha watu kusimama. Kisha akalitupa panga chini, akateremka upande wa mto, na hakuna aliyemfuata.

Wachimbaji walianza taratibu. Kufikia kina cha mkono, jembe liligonga jiwe, halafu jingine, mawe bapa ya mtoni yaliyopangwa ubavu kwa ubavu jinsi yasivyoweza kujipanga yenyewe. Mchungaji akawaambia waache. Wakayafunika, wakasogea hatua tatu upande wa juu, na hapo ndipo walipochimba kaburi la Kagure.

Alizikwa Jumamosi. Runji alikuja na koti lake la kanisani, akakaa nyuma kabisa, nje ya hema, juani. Watu walimsalimia lakini hawakukaa karibu naye. Chakula kilipogawiwa, Gladys mwenyewe alimpelekea sahani. Alimwekea mikononi, kisha akaenda kuhudumia wengine.

Jioni kabla ya giza Lydiah alijiandaa kurudi Meru. Baba yake alimsindikiza mpaka kwenye gari, jambo ambalo hakuwa na hakika kama angelifanya.

"Umeniaibisha mbele ya watu," Runji alisema.

"Najua, Baba."

Mzee aliegemea mlango wa gari. Alionekana amepungua. Alitazama upande wa zizi, ambako mbuzi walikuwa wanaingizwa. "Endesha pole pole," alisema. "Pale Thuci kuna malori."

Hiyo ilikuwa Februari. Mwezi wa nne Runji na Gladys walikwenda mbele ya wazee wa upatanisho, wakakubaliana bega la mgongo ligawanywe, na mpimaji anangojwa baada ya mavuno. Gladys amepanda ndengu kuzunguka makaburi mawili, akaweka ua wa miti hai. Runji humpigia Lydiah simu siku hizi mara nyingi kuliko zamani. Huzungumza habari za mvua, bei ya mbuzi, na nani ameugua kanisani, na habari za Kaviro hazitaji.

Muchangi alihamisha miche yake iliyobaki upande wa pili wa mto. Lydiah humpigia kila Jumapili akitoka kanisani, na simu huita mpaka ikakatika yenyewe.